Kuachwa hakuna matanga, uji utapikwa na nani?

Kwa miaka minne kila siku saa saba mchana simu yangu ilikuwa inaingia meseji moja tu, "umekula?", na mi najibu bado, au ndo nakula, au leo nimekula ubwabwa maharage, basi, maongezi yanaishia hapo kila mtu anaendelea na kazi yake. Sikuwahi kuiona ni kitu kikubwa. Ni neno tunaloambiana kila siku, mama anamuuliza mtoto, konda anamuuliza dereva, jirani anakuuliza ukipita mlangoni kwake, na anayekupenda ndo anakuuliza kuliko wote. Uzito wake nimekuja kuujua siku ilipoacha kuja.

Tuliachana Desemba 2024. Sababu sitaziingia sana, kwa kifupi barua ya posa ilishafika kwetu Tanga, wazee walishaijibu, mahari ilishatajwa, alafu mwenzangu akaja jioni moja akakaa kwenye kochi langu akaniambia amefikiria sana na anaona hayuko tayari. Hakunitukana, hakupandisha sauti, aliomba maji akanywa akaondoka. Kesho yake nikaenda kazini kama kawaida, niko kwenye steshenari moja Kariakoo, kutwa tunatoa kopi na kubaindi ripoti za watu, ikafika saa saba nikaangalia simu, kimya. Sikula. Watu wanadhani mtu aliyeachwa anagoma kula, mi sikugoma kabisa, ile saa ya kula ilinipita tu kwa sababu hakuna aliyeniambia imefika.

Siku tisa za kwanza nilikuwa naishi kwa chai ya rangi na biskuti. Nakumbuka ni tisa kwa sababu nilikuwa nazihesabu, si unajua mtu ukiachwa unavyohesabu siku. Njaa yenyewe sikuwa naisikia. Baadae nikaja kuelewa kwamba mwili ukipata mshtuko unamwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, damu inakimbilia kwenye misuli kama vile unafukuzwa na mbwa, na tumbo linawekwa pembeni kwa sababu mtu anayekimbia hana muda wa kusaga chakula. Kwa hiyo ukiona chakula hakipiti kooni usijilazimishe kuamini una tatizo la akili, mwili wako unafanya kazi yake, ila umekosea adui.

Sasa kitu ambacho nataka kukisema kwa nguvu zangu zote ni hiki. Baba yangu alifariki 2016, Tanga, na siku tatu nzima jikoni kwetu hakuna mtu wa nyumbani aliyewasha moto. Majirani ndo walipika. Walikuja na masufuria yao, na kuni zao, na mchele wao, mama alikuwa amekaa mkekani hajui hata nazi zimetoka wapi. Na hii sio desturi ya hivi hivi tu, kwetu sisi Waislamu kuna hadithi inayojulikana kabisa, Jaafar bin Abi Talib alipouawa vitani Muuta, Mtume aliwaambia watu wawapikie chakula watu wa nyumba ya Jaafar kwa sababu wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Yaani karne zote hizo watu walishajua kwamba mwenye huzuni hapiki. Hawakumwambia ajikaze, hawakumwambia aangalie afya yake, walimpikia.

Mi siku ile sikuweza kumeza kitu, shangazi yangu (dada yake baba, na yeye amefiwa na kaka yake vile vile) akaja na kikombe cha uji wa pilipili manga akakaa mbele yangu akasema, "mwanangu sikwambii ushibe, nakwambia vijiko vitano." Nikanywa vijiko vitano. Jioni akarudi, vijiko vitano tena. Siku ya tatu nikawa nakunywa kikombe.

Alafu uachwe sasa. Hakuna anayekuja na sufuria. Hakuna turubai nje, hakuna mkeka, hakuna mama wa mtaani anayeuliza kuni zipo, kazini unatakiwa ufike saa mbili kamili kama jana, na wale wachache unaowaambia wanakwambia "achana nae, wanaume wako wengi." Hata mtalaka ana eda yake, kama miezi mitatu hivi inayojulikana na kila mtu, watu wanajua huyu yuko kwenye kipindi fulani. Mchumba aliyeachwa hana kitu. Mi naamini kabisa kwamba nusu ya matatizo yetu ya kula baada ya kuachwa yanatoka hapo, ni msiba lakini hauna matanga kwa hiyo hauna mpishi, na wewe mfiwa ndo unatakiwa uwe mpishi, muosha vyombo na mtu wa kumbembeleza mfiwa ale.

Na nilipokuja kujaribu kupika ndo nikakutana na sufuria.

Nakaa Mabibo, chumba na sebule, sio mbali na Mahakama ya Ndizi, lile soko la ndizi, na kwa miaka minne jioni tatu nne kwa wiki nilikuwa nampikia mtu. Mkono ulishazoea. Vikombe viwili vya mchele, nazi moja, nyanya nne, kitunguu kikubwa kimoja, mkono unajipimia wenyewe hata taa ikiwa imekatika. Usiku wa kumi nikasema leo napika, nikapika, nikaepua, nikafunua mfuniko nikakuta wali wa watu wawili. Nilikaa chini sakafuni jikoni nikalia kuliko nilivyolia siku aliyoondoka. Nilikula vijiko vitatu nikaacha, kesho yake ukawa kiporo, joto la Dar la Desemba mnalijua, friji sina, ukachacha nikautupa. Nikajaribu tena baada ya siku mbili, mkono ukapima vilevile, nikatupa tena. Kutupa wali inauma vibaya mno, kwetu tumelelewa kuokota hata punje. Nikaona bora nisipike kabisa.

Hapo ndo nikahamia kwa muuza chipsi wa kona. Mwanzo ilikuwa mara moja moja, ikawa kila usiku saa nne, chipsi mayai na soda ya nusu lita, nakula kitandani huku naangalia statasi zake kwenye WhatsApp (alikuwa hajanibloku, ningeshukuru angenibloku), nalala saa nane usiku. Ule mshtuko wa mwanzo ulishapoa ikabaki mawazo ya muda mrefu, na mawazo ya muda mrefu yana homoni nyingine, kotisoli, hii haikukatishi njaa, inakuongezea, na inataka mafuta na sukari. Ukichanganya na kukesha ndo kabisa, mtu asiyelala vizuri ile homoni ya njaa inayoitwa grelini inapanda, kesho yake unatamani kila kitu. Mi nilikuwa najilaumu nimekuwa mlafi. Sikuwa mlafi, nilikuwa sijalala. Na ile soda peke yake, soda nyingi za kola zina kama gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100, piga hesabu chupa ya nusu lita, ni gramu 50, na Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima sukari ya kuongezwa isizidi asilimia kumi ya nguvu anayokula kwa siku, ambayo kwa mtu wa kawaida ni hizo hizo gramu 50. Chupa moja, saa nne usiku, nimemaliza siku nzima. Uzito nilitoka kilo 58 nikashuka 53 alafu katikati ya Februari mizani ya yule kijana wa pale kituoni Urafiki ikasoma 64. Chini ya miezi miwili. Nguo za kazini zikagoma.

Ila kabla ya Februari kuna kitu kilitokea. Januari, asubuhi, nimesimama kwenye mwendokasi tumebanana kama kawaida, tunafika Magomeni nikaanza kuona giza, masikio yanavuma, mama mmoja akanishika mkono akawaambia watu wampishe huyu binti akae. Akanipa pipi. Akaniuliza, na hapa nilitaka kulia mbele ya watu, "umekula mwanangu?" Nikamwambia nimekunywa chai. Akasema chai sio chakula.

Nikaenda kupima. Wingi wa damu 10.4, na mwanamke asiye na mimba anatakiwa asipungue 12. Daktari alikuwa mdada mpole, akaniambia sio mimi peke yangu, na ni kweli, ule utafiti mkubwa wa afya wa nchi nzima wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 Tanzania wana upungufu wa damu, karibu nusu yetu. Akaniuliza nakula nini nikamweleza, akaniuliza chai nakunywa saa ngapi, nikasema na chakula, kabla ya chakula, baada ya chakula. Akanielekeza kitu ambacho nilikuwa sijui na mama zetu wengi hawajui, kwamba majani ya chai yana vitu vinavyoyang'ang'ania madini ya chuma tumboni, yaani unakula maharage na mchicha wako vizuri alafu unashushia na chai ya rangi, chuma kingi kinatoka bila kuingia kwenye damu. Kunywa chai yako ila iache mbali na chakula, saa nzima au zaidi. Na kinyume chake chungwa au ndimu inakisaidia chuma cha kwenye mboga kiingie. Kwa hiyo kamulia ndimu kwenye maharage, kula chungwa ukimaliza. Ni kitu kidogo sana na hakina gharama.

Kitu cha pili, tumbo lilikuwa linaniwaka, na mi nilifika pale na jibu langu mfukoni, nina vidonda vya tumbo kwa sababu ya mawazo na kukaa na njaa, maana ndivyo tunavyoambiana mtaani. Akasema mawazo na njaa vinaweza kukuzidishia maumivu ila vidonda vingi vinaletwa na bakteria au na dawa za maumivu. Akaniuliza dawa gani nakunywa. Nilikuwa kichwa kinaniuma kila siku nakunywa diklofenaki tumbo likiwa tupu, kabisa bila kitu. Nikapimwa wale bakteria, nikakutwa nao, nikapewa dawa za wiki mbili na nikaambiwa diklofenaki marufuku. Nilivyorudi nyumbani nikasoma habari zake, kuna daktari wa Australia anaitwa Barry Marshall, watu walikuwa hawamuamini kwamba ni bakteria, mwaka 1984 akawanywa mwenyewe akaugua tumbo ndo ikawa ushahidi, yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa tuzo ya Nobel 2005. Nimeiandika hii kwa sababu najua kuna mtu saivi amejikunja kitandani ana kiungulia anasema ni moyo umevunjika. Inawezekana moyo umevunjika na una bakteria pia. Nenda kapime.

Jioni ile ndo nikampigia shangazi. Nilikuwa namkwepa kwa wiki tatu kwa aibu, maana yeye ndo aliyekaa na wazee kuijibu ile barua. Shikamoo shangazi, marahaba mwanangu, hujambo, sijambo, alafu akanyamaza, akasema "unakula?" Sikumjibu. Akasema nakuja.

Alikuja Ijumaa na basi la Tanga, kapu moja na mfuko wa machungwa ya Muheza, dagaa wakavu, nazi sita, unga wa ulezi. Hakuniuliza chochote kuhusu yule bwana. Aliingia jikoni akaangalia vyombo vyangu, akashika lile sufuria, akauliza "hili ulikuwa unapikia watu wangapi?" Nikamwambia wawili. Akalifunika na ungo akalipandisha juu ya kabati, akasema haya twende sokoni.

Manzese tukanunua sufuria ndogo. Ndogo kweli, kama ya kuchemshia maziwa ya mtoto, nikamwambia shangazi hii haitoshi kitu, akasema ndo kipimo chako. Shangazi ni mtu wa zamani bado anahesabu kwa kibaba na pishi, vibaba vinne pishi moja, akaniambia kibaba ni kipimo cha nyumba, wewe kwa sasa ni mtu, pima kwa kikombe cha chai. Nusu kikombe cha mchele, uoshe, maji yapite mchele kwa pingili moja ya kidole. Ulipoiva nikaupakua wote kwenye sahani, sufuria ikabaki tupu. Jamani sijui nielezeje. Kuangalia sufuria tupu bila chakula cha mtu ambaye hayupo. Nilikula nikamaliza.

Alikaa siku kumi na moja na alichonifanyia ni kile kile cha 2016, vijiko vitano. Asubuhi uji wa ulezi nusu kikombe kabla sijatoka, hata kama sitaki, na ulezi sio chakula cha watoto tu kama watu wanavyodhani, ndo nafaka yenye madini ya chokaa mengi kuliko nafaka zetu zote za kawaida. Anauchanganya na karanga za kusaga, uji unakuwa mzito unakushika mpaka saa sita. Mchana alikuwa ananifungia chakula. Usiku tunakula mapema, saa moja na nusu, alafu simu yangu anakaa nayo yeye.

Mambo mengine aliyonionyesha ndo nayafuata mpaka leo. Ndizi, kwa mtu anayekula peke yake ndizi ni rafiki kwa sababu zinahesabika. Mchele unakudanganya, unamwaga unajikuta umepika msosi wa harusi, ila ndizi nne ni ndizi nne. Naishi karibu na Mahakama ya Ndizi miaka yote hiyo nilikuwa napita tu. Namenya nne, nachemsha na nazi kidogo na dagaa au na maharage niliyonayo, dakika ishirini na kitu nishakula. Dagaa hao usiwadharau kwa sababu ni wa bei ndogo, unawala wazima na mifupa yao, kwa hiyo unapata protini na chokaa kwa pamoja. Toa vichwa, waoshe na maji ya moto, wakaange na nyanya na kitunguu, kamulia ndimu mwishoni. Maharage nalowesha Jumamosi usiku nachemsha Jumapili nusu kilo nzima, nagawa kwenye vikopo vitano, mama mwenye nyumba ananiwekea kwenye friza lake, kila nikirudi kazini nachukua kimoja naenda kukiunga. Mchicha hauwekeki kwa hiyo nanunua kila siku nikishuka kituoni, fungu moja la mia tano linanitosha. Na machungwa mawili kwa siku. Shirika la Afya Duniani wanataka mtu ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, inasikika ni kubwa ila machungwa mawili na bakuli la mchicha ulioiva unafika au umekaribia sana.

Vitu ambavyo sivitaki tena nitavisema haraka. Shoga zangu walinishauri ile chai ya kupunguza tumbo, nikanywa wiki mbili zile kilo zilipopanda mwezi wa pili, shangazi alipokuwa ameshaondoka na mimi nimerudi kidogo kwenye chipsi. Nilikuwa nashinda chooni. Chai nyingi za aina hiyo zina sanamaki, ile ile dawa ya kuharisha wazee wetu wanayoijua, unachopoteza ni maji, mafuta yako yapo palepale, na mimi mwenye damu 10 sikuwa na cha kupoteza.

Na lile neno "kula vizuri upendeze ajute." Najua wanaolisema wananipenda. Ila nilijaribu na ninawaambia halisaidii, kwa sababu kila nikimenya karoti nilikuwa namuwaza yeye, kila nikipanda mizani nilikuwa nawaza atanionaje, yaani bado nilikuwa napika vikombe viwili. Siku nikisikia yuko na mtu mwingine basi hamna sababu ya kula vizuri, narudi kwa muuza chipsi. Mwili wangu nilipewa mimi, hauwezi kuwa barua ya kumtumia mtu.

Kilichonisimamisha sawasawa ilikuwa Ramadhani, iliangukia Machi 2025, mwezi wa tatu tangu tuachane. Nilimuuliza kwanza daktari kwa ajili ya tumbo na damu, dawa nilikuwa nishamaliza na damu ilishafika 11.6, akaniruhusu na masharti yake, na wewe mwenye tatizo kama langu ulize kwanza usifuate tu maneno yangu. Nyumba yetu ina wapangaji watano. Mama mwenye nyumba alikuwa anatandika mkeka uani kila magharibi na kila mtu analeta alichonacho, mmoja magimbi ya nazi, mmoja tambi, mmoja kunde, mkristo wetu wa chumba cha mwisho alikuwa analeta matikiti maji na anasubiri adhana kama sisi. Mi nilipewa uji. Kila siku uji wa pilipili manga nautoa mimi, sufuria kubwa. Lile la juu ya kabati nikalishusha. Siku ya kwanza nilivyolishika roho ilinidunda kidogo, alafu nikaweka maji nikakoroga, nikagawa vikombe tisa, likaisha.

Kwa mwezi mzima nilikula kwa saa inayojulikana, na watu, tende tatu na maji kwanza, alafu uji, alafu chakula, na daku jirani ananigongea mlango. Sikuwa nawaza kilo wala homoni. Ile ndo matanga yangu niliyoyakosa Desemba, yalichelewa tu. Saa nne usiku hamu ya chipsi ilikuwa haipo kwa sababu nilikuwa nimeshiba na nimechoka na nimeongea na watu.

Mwezi wa tano yule bwana akanitumia meseji. Saa saba mchana. "Umekula?"

Nilikuwa nimeshika kijiko. Sitadanganya, mkono ulitetemeka. Kupasha kiporo ni rahisi, wanasema hakihitaji moto mwingi, na miaka minne ni mingi. Niliangalia ile meseji nikaangalia kopo langu, ubwabwa nusu kikombe, maharage ya Jumapili, mchicha, chungwa pembeni limeshamenywa. Nikagundua kwamba nimekula siku zote zile bila kuulizwa. Nilimjibu nimekula asante, na wewe kula. Sikuongeza neno, na yeye hakurudi, na jioni ile nilipika ndizi nne kama kawaida nikala zote.

Saivi kuna mdogo wangu yuko chuo Dodoma, tumekubaliana kila saa saba mchana tunatumiana picha ya sahani, hata ikiwa chapati kavu tunatuma, hakuna kulaumiana. Yeye aliachwa Juni. Wiki za mwanzo alikuwa ananitumia picha ya kikombe cha chai peke yake, na mi sikumwambia ajikaze. Nilimtumia nauli akaja wikiendi, nikamkalisha jikoni nikamkorogea uji, akasema dada haupiti.

Nikamwambia sikwambii ushibe.

Damu yangu mara ya mwisho ilikuwa 12.3. Jumamosi tunaenda wote Manzese kumtafutia sufuria.